Hodi ya Mzee Maftaha Likwata: Miaka Ishirini na Mitano ya Kuogopa Porini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1978, Mzee Maftaha Likwata, askari wa wanyamapori, anastaafu baada ya kuitumikia idara miaka ishirini na mitano. Anaondoka na mikono yote miwili na miguu yote miwili, na kwa kazi yetu hilo si jambo dogo. Ukimuuliza siri yake atakujibu bila aibu kwamba ni woga. Mimi, Romani Klementi, dereva wake tangu mwaka 1966, nimeombwa niandike habari zake kwa jarida letu la watumishi, tena kwa lugha ya adabu. Nitajitahidi, ingawa huyu bwana ni mtani wangu na adabu kati yetu haijapata kukaa siku nzima.

Alizaliwa Pande, wilaya ya Kilwa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na shangazi yake, Bi Kidawa, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache na mkono mzito. Bi Kidawa alimpeleka chuoni akasome Kurani, akamfundisha kupalilia mikorosho, na kwa maelezo ya Mzee Maftaha mwenyewe, akamfundisha pia kuogopa. Kila alipomtuma kuni alimwambia apige hodi kwanza kabla ya kuingia porini, kwa sababu kule ni kwa watu na watu wenyewe wana meno.

Basi hodi hiyo akaja nayo kazini mwaka 1953 na hakuiacha tena. Akifika ukingo wa pori anasimama, anavua kofia, anapaza sauti: "Hodi! Hodi wenyewe!" Kisha anangoja, kama mtu aliyefika ukweni. Askari wapya walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu. Yeye hakujali. Alisema mnyama aliyeambiwa kwamba unakuja hukupisha, na yule uliyemstukiza ndiye hukuzika.

Vituko vyake ni vingi. Katika sherehe za Uhuru hapa Lindi alikuwa kwenye gwaride. Baruti ya kushangilia ilipolipuka, wenzake walibaki wima na yeye akaonekana kalala kifudifudi kwenye vumbi. Alipoulizwa alisema nchi imeshakuwa huru lakini masikio yake bado. Na wafanyabiashara wa Somanga hawatasahau mwaka alipoingia tembo kwenye vibanda vyao vya barabarani na kuanza kula mahindi ya watu. Tulipofika, Mzee Maftaha alipanda juu ya paa la mgahawa akawa anatoa maelekezo kutoka huko: nyie rudini nyuma, wewe mama acha sufuria, huyo bwana msimtupie kitu. Makuti hayakuhimili, akaanguka ndani, juu ya meza ya maandazi. Lakini watu walikuwa wameshafanya alivyosema, tembo akashiba, akavuka barabara, akaenda zake. Hakufa mtu wala tembo.

Tulikuwa na mwenzetu mwingine, marehemu Eusebio, shujaa kweli, aliyekuwa akimcheka kuliko sisi sote. Eusebio alimfuata nyati aliyejeruhiwa ndani ya matete, peke yake, bila kusema hodi. Tulichomrudishia mkewe hakikujaza shuka. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na tangu msiba ule mimi sikumcheka tena Mzee Maftaha kwa jambo hilo. Nilibaki namcheka kwa mengine.

Lakini kuna habari moja ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kushika kalamu, na niliposema nitaiandika alisema niandike.

Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa Operesheni. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mmoja na mikorosho yake, walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Huko nyuma ya Pande kikaanzishwa kijiji kipya kikaitwa Juhudi, bondeni, karibu na maji. Bi Kidawa alikataa kuhama. Lori lilipokwenda kumchukua, sisi tulitangulia na Landrova kwa kuwa ilionekana atamsikiliza mwanawe. Mzee Maftaha alimbembeleza asubuhi nzima. Mwishowe mama akafunga kanga zake, akapanda lori, akawatazama majirani zake waliokwisha kupanda, akasema neno moja: "Haya, mtaona."

Mwanawe alielewa. Bonde lile lilikuwa njia ya nguruwe pori tangu enzi na enzi, na mwenye kujua nguruwe anajua pia nani anamfuata nguruwe. Lakini waliokuwa kwenye lori walilisikia neno lile kwa masikio ya watu waliong'olewa makwao.

Mihogo iliyoachwa kwenye mashamba ya zamani ililiwa na nguruwe wakazaliana. Ilipokwisha wakashuka Juhudi. Watu wakategesha waya pembeni mwa mashamba. Na nyuma ya nguruwe akaja simba. Alianza na mzee mmoja aliyekuwa akilinda mpunga wake. Akafuata mgeni aliyekuwa njiani. Halafu akamchukua Moza, binti wa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Huseni, jua limeshatoka, kwenye njia ya kisimani, na ndoo yake ikabaki imesimama na maji yake.

Tulipofika Juhudi siku ya pili yake, niliogopa kabla sijazima gari. Mchana kweupe na milango imefungwa. Hakuna mtoto nje, hakuna moshi wa jiko. Mwenyekiti alikuja kutupokea akikokota baiskeli yake, ile ile ya pekee kijijini, isiyo na breki, aliyokuwa akiisimamisha kwa visigino. Alitusalimu vizuri. Macho yake yalikuwa yamekauka.

Mzee Maftaha aliomba aonyeshwe alama za miguu. Hazikuwepo. Kila mahali simba aliposhika mtu, akina mama walikuwa wamefagia kwa makuti mpaka pakabaki kama uwanja wa maulidi. Walituambia, kwa sauti za chini na bila kulitaja jina la mnyama, kwamba huyu si wa porini, huyu ni wa kutumwa, na unyayo wake ukiachwa basi aliyemtuma huurudia akauchota mchanga wake, akamtuma tena. Na aliyemtuma anajulikana. Si ndiye aliyesema mtaona?

Bi Kidawa alikuwa amefungiwa kwenye ghala la korosho. Hakuna aliyethubutu kumpikia wala kupokea kitu mkononi mwake. Mwanamke mmoja tu, Esha, jirani yake wa zamani, alikuwa akimsogezea kikombe cha maji kwa mguu, halafu anarudi nyuma. Bwana Huseni alitueleza bila kupandisha sauti. Kwa heshima ya Mzee Maftaha wangesubiri. Ila akichukuliwa mtu mwingine mmoja tu, mama yule hatatoka ghalani mzima. Alilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha, na wanaume waliosimama nyuma yake walitazama chini.

Tulirudi kwenye gari, Mzee Maftaha akapandisha vioo vyote. Alikuwa akitetemeka mpaka kiti kinalia. Nilimwambia basi kazi ni nyepesi, mpige simba, mama atoke. Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa serikali. Kwao wanajua, tangu utoto anajua, kwamba simba wa kutumwa akifa, aliyemtuma hufa naye saa ile ile. Alijua pia habari za nguruwe. Aliyajua yote mawili, moja kichwani na jingine tumboni, na la tumboni ndilo lililokuwa likimtetemesha. Akimwacha simba, shangazi yake atauawa na majirani. Akimpiga, na kama maneno ya watu ni kweli, atakuwa amemuua mama aliyemlea kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi ni Mkatoliki wa milimani, Kipatimu, nikataka kumwambia hayo ni mambo ya kizamani. Nikatazama zile nyumba zilizofungwa. Nikamwuliza tu tuanzie wapi kutafuta nyayo.

Nyayo za simba tulizipata, na nitasema tulivyozipata ingawa atachukia. Nyuma ya mashamba kulikuwa na mzoga wa nguruwe aliyeuawa usiku uliopita, ameliwa nusu. Watu wa Juhudi wote ni Waislamu. Hakuna aliyesogelea najisi ile hata kwa fagio. Mchanga wote ulikuwa umebaki na habari zake. Majike wawili, watoto wao, na pembeni dume lililokuwa likiburuta mguu wa mbele. Mzee Maftaha alizitazama akiwa ameziba pua kwa kofia. Alisema mwenye makosa ni huyu anayeburuta mguu.

Amri tuliyopewa ilikuwa kumaliza simba wote wa bonde lile. Alisema yeye ataua mmoja.

Tukajipanga kwenye dungu la kulindia mpunga, mkabala na mzoga. Kumburuta nguruwe mpaka mahali panapoonekana ilikuwa kazi yangu, maana yeye asingemgusa hata kwa mti mrefu, na baada ya hapo alinikataza kugusa birika la chai mpaka tuliporudi Lindi. Ilikuwa baada ya alasiri. Kabla ya kupanda nilingoja apige hodi. Hakupiga. Nilimtazama, akaniambia huwezi kupiga hodi kwenye nyumba uliyokuja kumuua mtu. Katika miaka yote niliyomwendesha, ni siku ile tu.

Alinifanya nimshike mkanda wa suruali, ili hofu ikimzidi asiruke. Tukakaa. Shamba la mpunga lilikuwa kimya, hata ndege hawakushuka.

Majike walikuja kwanza, na watoto watatu wakikanyagana. Walikaa kula mbele yetu kabisa, naapa nilisikia mifupa. Nilimfinya. Amri ni amri, na walikuwa wazi kama mbuzi kwenye uwanja. Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa hofu na bunduki ikigonga kwenye fito, lakini hakufyatua. Watoto walikuwa wakivutana utumbo.

Halafu nikasikia pumzi. Haikutoka mbele. Ilitoka chini yetu. Lile dume halikwenda kwa nguruwe. Lilikuwa limezunguka nyuma, limekuja kwa ajili yetu. Ngazi ya dungu ikalia. Niliangalia chini kati ya fito nikaona jicho moja, la njano, limetulia, halina hasira wala haraka. Ewe Mola! Mpaka leo nikiona taa ya njano barabarani napunguza mwendo.

Mzee Maftaha alijipinda, akaingiza mtutu katikati ya fito. Mkono wake ulikuwa umeacha kutetemeka, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Akasema, "Shangazi, nisamehe." Akafyatua.

Majike na watoto wakatawanyika. Moshi ukajaa. Na kabla mlio haujafa masikioni, kutoka kijijini, upande wa ghala, kikasikika kilio cha mwanamke.

Aliacha bunduki. Jamani, askari wa serikali aliacha bunduki kwenye dungu, akaruka juu ya simba aliyekuwa bado anatikisika, akakimbia ndani ya kichaka ambacho majike walikuwa wameingia sasa hivi. Nilimfuata nikiwa na bunduki yake na roho mkononi. Mtu anayeogopa kenge! Sikumpata mpaka ghalani.

Watu walikuwa wamesimama mbali, kwa duara. Esha alikuwa mlangoni amejishika kichwa. Alisema bunduki ilipolia tu, Bi Kidawa alianguka chali. Nikaona nyuso za watu. Kulikuwa na hofu, na nisidanganye, kulikuwa na ahueni pia. Mzee Maftaha alipiga magoti, akamwinua kichwa, akawa anamwita shangazi, shangazi, kama kitoto kilichopotea sokoni. Sikuwahi kusikia sauti ile tena, na sitaki.

Mama alifumbua macho. Alimtazama kwa muda, akauliza, "Umekula, mwanangu?"

Yeye ndiye aliyekuwa hajala tangu walipomfungia. Alikuwa ameanguka kwa njaa na kwa kustuka, basi. Lakini nani angewaambia watu hivyo wakaelewa, na wamemwona akianguka kwa mlio ule ule? Wengine walisema mbona yu hai. Wengine wakasema mbona kaanguka. Manung'uniko yakaanza kupanda, na duara likaanza kusogea. Bwana Huseni akaamuru simba aletwe.

Tulimburuta kwa Landrova mpaka mbele ya ghala. Mguu wake wa mbele ulikuwa umevimba, umeoza, na ndani ya nyama kulikuwa na waya umekata mpaka mfupani. Mzee Maftaha aliuchomoa polepole. Alisema kwamba wenyeji wamesema kweli, simba huyu alitumwa. Alinaswa kwenye mtego wa nguruwe, akavunja akaondoka na waya, na simba mwenye miguu mitatu hawezi kumkimbiza nguruwe.

Hapa mtaniruhusu niseme kama mtu wa Kipatimu. Sisi tukitegesha nguruwe tunakagua asubuhi na jioni, kwa kuwa ni kitoweo. Juhudi walitegesha tu kuokoa mpunga, na asiyekula nyama hana sababu ya kwenda kukagua mtego. Mnyama yeyote aliyenasa alibaki kule mpaka akafa au akakata. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Waya ule haukuwa waya wa kawaida. Ulikuwa wa kusukwa, wa breki ya baiskeli.

Kila mtu Juhudi alijua baiskeli ni moja. Bwana Huseni aliuchukua waya kutoka mkononi mwa Mzee Maftaha, akauzungusha, akavua kofia, akakaa chini kwenye vumbi pembeni ya simba. Alisema jambo moja tu. Kwamba siku anauchomoa waya ule, Moza ndiye aliyemshikia baiskeli.

Baadaye aliinuka. Aliingia ghalani mwenyewe, akampigia Bi Kidawa goti, akamshika mkono ule ule ambao hakuna aliyethubutu kuugusa, akamtoa nje mbele ya watu wote mpaka nyumbani kwake. Mkewe, aliyekuwa na msiba wa siku mbili, aliwasha jiko akakoroga uji.

Mzee Maftaha alipewa onyo kwa kutotii amri, na mwaka uliofuata akapewa sifa kwa sababu ile ile, kwani Juhudi hakuliwa mtu tena. Aliwakusanyia waya zote mashambani, akawapangia zamu za kupiga madebe, kaya kwa kaya, kijamaa kabisa, na nguruwe wakahamia mbele. Alipotakiwa kupanda cheo na kuhamia Lindi mjini, apate nyumba kule Mitwero, alikataa. Aliomba kituo chake kiwe Juhudi. Wengi walimwona mjinga. Alinieleza mimi peke yangu: majike wale wapo na watoto wao wamekua, na kila wanaponguruma bado kuna jicho moja au mawili yanayogeukia mlango wa shangazi yake. Alitaka watu wakigeuka wamkute yeye hapo na bunduki.

Sasa bunduki ameirudisha. Aliikabidhi Jumatatu, akaifuta kwanza kwa shati lake. Anakwenda kuishi Juhudi bila silaha, na simba aliokataa kuwaua, na shangazi aliyezeeka sana asiyeona vizuri. Mwezi uliopita dume jingine limesikika ng'ambo ya bonde. Nilipomuuliza kama anaogopa, aliniambia kwamba anaogopa sana, mtani, kuliko siku zote. Na mimi nakiri hapa mbele ya watumishi wote kwamba namwogopea.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilipitia Juhudi, kwa mafuta ya serikali, mkubwa anisamehe. Nilimkuta Bwana Huseni. Nilimwuliza itakuwaje. Alinyoosha kidole kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, ulipotundikwa ule waya wa breki. Esha ndiye aliyenieleza. Dume hilo jipya liliponguruma mwezi uliopita na watu wakaanza kutoka nje na kunong'ona, Mzee Maftaha alikuwa huku Lindi kwa shughuli za kustaafu. Mwenyekiti aliutungua waya ukutani, akaenda akakaa kizingitini kwa Bi Kidawa, akauweka mapajani ambapo kila mtu angeuona. Alikaa hivyo mpaka watu wote waliporudi ndani.

Mzee Maftaha, idara inakushukuru, tembo wa Somanga anakushukuru, na mwenye mgahawa amesema amekusamehe maandazi yake. Nenda salama kwa shangazi, ule uji wake, upalilie mikorosho. Mungu akupe umri mrefu na asikuondolee woga hata chembe. Ukifika ukingo wa kijiji, vua kofia upige hodi kama kawaida yako, mtani. Kuna mtu kizingitini atakuitikia.

Romani Klementi, dereva
Kwa niaba ya watumishi wote